Barua iliyolala Outbox siku tisa, na mama aliyedhani kaka yake amekufa

Wakuu, heshima kwenu.

Nilimwahidi Mama Daforoza kwamba nitamletea ukweli wowote, mzuri au mbaya. Ahadi hiyohiyo nawapa ninyi: sitaongeza wala kuficha, hata panaponiaibisha.

Ilikuwa miaka ile kambi za wakimbizi wa Burundi zimejaa. Nilikuwa nimetoka chuo, nikijitolea katika ofisi ndogo mjini, mtaa wa Buzebazeba, iliyowasaidia wakimbizi kutafuta ndugu zao. Kompyuta ilikuwa moja, kuukuu, ikitumia mfumo wa Linux. Msimamizi wake mimi, na kwa kweli niliringa nayo.

Mama Daforoza, mmoja wa wakimbizi hao, alikuwa mjini kwa kibali cha kutoka kambini, binti yake akitibiwa mguu. Barua pepe yake kwa kaka yake, mwalimu huko Rumonge, Burundi, ilikuwa na swali moja: upo?

Kama hayupo, shamba la baba yao halina mtu wa kulishika, na wengine wangelichukua. Ingembidi ajiandikishe kurudi Burundi na watoto, matibabu yakatike njiani. Orodha ya wanaorudi ingefungwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Nikabonyeza Send. Nikamwambia, "Mama, imekwenda."

Siku tisa baadaye, Jumatano, alikuja amenyoa nywele kama mfiwa.

"Mwanangu, usihangaike tena. Kaka yangu hawezi kunyamaza hivi akiwa mzima."

Alipotoka sikuweza kukaa. Nikafungua Outbox, sanduku la barua zinazosubiri kutoka.

Barua yake ilikuwa humo.

Nikafanya ping, yaani kuipigia hodi seva ya barua, kwa namba yake: inajibu. Kwa jina: haijibu. Basi mtandao upo, tatizo ni DNS, ile huduma inayogeuza majina kuwa namba. Faili la resolv.conf, linaloielekeza kompyuta kwenye huduma hiyo, lilikuwa na anwani ya router ya zamani, kile kifaa cha kugawa mtandao, tuliyokwisha kuibadilisha. Nikalisahihisha.

Umeme ukakatika. Uliporudi, faili nalo limerudi lilivyokuwa, kwa kuwa programu ya mtandao huliandika upya kompyuta inapowaka. Nikaweka anwani mpya ndani ya mipangilio ya mtandao yenyewe. Majina yakafunguka.

Barua bado ikagoma: cheti cha seva, hati yake ya utambulisho, si halali. Nilizunguka chumba kile hadi jioni. Hamisi, fundi simu jirani yetu, akachungulia tarehe kwenye kioo cha kompyuta akacheka.

"Kaka, mashine yako inaishi mwaka ambao mimi bado navaa kaptula za shule."

Betri ya saa ya kompyuta ilikuwa imekufa. Kila umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma, na cheti kinaonekana hakijaanza kutumika. Nikarekebisha saa, barua ikatoka.

Hapa ndipo palipokuwa pagumu. Nilitamani ninyamaze nisubiri jibu, asijue kitu. Alhamisi asubuhi nikamfuata hospitali, nikamweleza yote.

Akashika kichwa chake kilichonyolewa. "Kwa hiyo nimemlilia mtu ambaye hata hajaulizwa."

"Ndiyo, mama. Kimya kile kilikuwa changu."

Ijumaa asubuhi kibali kikaisha, akarudi kambini. Jibu likaingia alasiri.

Jumamosi nikapanda basi la kwanza la kwenda kambini nikiwa na jibu lile kwenye karatasi mkononi, nisijue kama ameshaandika jina kwenye orodha. Walinzi wakamwita getini. Akasoma: "Nipo. Shamba nalilima. Mtibu mtoto kwanza."

Akasoma tena.

"Mama, umejiandikisha?"

"Bado. Ulisema hajaulizwa, nikakungoja wewe."

Wakuu, kujua kutengeneza DNS hakukumsaidia mama huyu kama kukiri kwamba nilikosea.

Ombi langu ni dogo. Ukituma barua ya mtu, fungua Outbox uhakikishe haimo, ndipo umwambie imekwenda. Na kama uliwahi kusema hivyo kabla ya kuangalia, andika hapa chini ilikuwaje.