Nilivyoshikana Mkono na Mama Mkwe Gizani

Nimeamua niwaambie mwenyewe, kwa sababu najua nusu ya hii aibu mmeshaisikia huko mtaani Rhonda na imetiwa chumvi mpaka ati nilimkalia mama mkwe mapajani. Sikumkalia. Nilichofanya ni kibaya zaidi.

Mnajua mimi ni fundi wa stima, mtu wa kupanda nguzo. Lakini sinema za Wakorea zinaniweza, na nikizitazama nalia (cheka tu, Otieno, wewe ulililia mpira). Sasa kulikuwa na tamasha la filamu pale Nakuru town, na siku moja nzima wakaitenga kwa sinema za Asia, za India, za Japani, za Korea, na kuingia ni bure. Nikamdanganya Nekesa, mama wa mtoto wangu, kwamba naenda Kuresoi kutengeneza pampu ya mkulima wa viazi, kwa sababu mwanaume mzima atasemaje anaenda kulia?

Na ilikuwa wiki mbaya ya kuchezea. Jumamosi wazee wa kina Nekesa walikuwa wanatoka Bungoma kuja kwangu. Tumeishi pamoja na tuna mtoto, lakini kwao nilikuwa bado yule kijana tu, na kilichobaki ni mama yake aseme mbele ya wazee kama ananikubali. Akikataa, Nekesa anachukua mtoto anarudi kwa mama yake Kiamunyi. Sisi Wabukusu, kwa wale hamjui, mama mkwe unamheshimu kwa kukaa mbali naye: humpi mkono, huketi karibu naye, huli mbele yake, na mkikutana njiani afadhali uingie mtaroni umpishe. Mimi nilikuwa nimeingia mitaro yote ya Kiamunyi. Yule mama nilikuwa namjua kwa mbali, vile mtu anavyojua mlima Menengai.

Basi nikafika nimechelewa, natoka kwa jua naingia kwa giza, sioni kitu. Msichana wa mlangoni akaniambia boss, kaa hapa nyuma. Nikakataa, nikasema yale maandishi ya chini huwa madogo, nikapapasa mpaka mbele nikapata kiti kitupu kando ya mathe mmoja, mama mtu mzima aliyejifunga leso kichwani. Nikatoa njugu. Nikaona ni uchoyo kula peke yangu, nikamsogezea, akachukua bila kugeuka, tukaendelea hivyo, yeye anachukua, mimi nachukua, kama watu wa boma moja.

Sinema yenyewe ilikuwa ya mzee anayeuza supu stesheni, na binti yake ameenda mjini, hapigi simu, na mzee kila jioni anamwekea bakuli lake mezani. Jameni. Mathe akaanza kufuta pua, mimi nikaanza, na mzee alipokufa binti akaja amechelewa akakuta lile bakuli, yule mama akatoa kilio cha chini chini na mimi nikamshika mkono (nilimshika mwenyewe, hakunishika) nikamwambia pole mathe, hii ni sinema tu. Akanipa pembe ya leso yake nijifute. Nikajifuta. Nikapenga na kamasi.

Taa zikawaka.

Tulitazamana. Nilikuwa bado nimeshika ule mkono. Nikaruka juu, kiti kikaanguka, njugu zikamwagika mpaka miguuni pa mzee mmoja mwenye kilemba aliyekaa upande wa pili wa mama, na kumbe kila baada ya sinema kulikuwa na maongezi, na yule kijana wa kuendesha maongezi akaona mtu amesimama na machozi usoni, akafurahi sana, akaniletea maikrofoni. Akaniuliza imenigusaje, na akasema anaona hata mama yangu ameguswa.

Ningesema ndiyo, nikae. Lakini akili ilikuwa imetoka.

"Huyu si mama yangu," nikasema, na sauti ikajaa ukumbi wote. "Ni mama mkwe."

Nusu ya ule ukumbi ni watu wa kwetu magharibi, mila wanaijua. Hao walishika vichwa. Wale wengine wakapiga makofi, wakidhani ni kitu kizuri.

Mama alijifunika uso na leso (ile ile, yenye kamasi yangu, Mungu anisamehe), akageukia yule mzee wa kilemba, maana na mimi haruhusiwi kuongea. Akasema, "Mwambie huyo kijana aende nyuma. Sinema ya Japani inaanza, na mimi siondoki."

Mzee ni wa kuzaliwa Nakuru, mila zetu anazijua, hakuuliza swali. Alinigeukia akanipa ujumbe kwa upole, nikaenda nyuma, lakini sikukaa, nilipitiliza mpaka barabarani.

Nilipofika nyumbani Nekesa alikuwa ameshapigiwa simu na watu watatu. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliniogopesha. Aliniambia mama yake akikataa Jumamosi, yeye hatabishana naye. Sikulala vizuri wiki hiyo, nawaambia ukweli.

Jumamosi wazee walikaa sebuleni na mama akakaa jikoni, ametupa mgongo. Mjomba wa Nekesa akamuuliza mama kwa sauti, huyu kijana amemwona ni mtu wa namna gani. Nilitazama viatu vyangu. 

"Ana moyo," mama akajibu. "Nilimwona akilia matangani kama aliyefiwa ni wake."

Mjomba akauliza matanga ya nani.

"Ya mzee mmoja. Nyinyi hamkumjua."

Wazee wakavua kofia, wakasema pole, na mjomba akaomba dua fupi kwa ajili ya marehemu. Nekesa alikimbilia chumbani akaziba kicheko kwa mto. Mimi niliitikia amina kwa sauti kuliko wote. Na tangu siku hiyo sikai karibu na mtu gizani kabla sijammulika uso na simu, hata akinitukana.