Upanga Uliomwaga Mafuta Pembeni

Kaka yangu walimwita Taratibu, kwa sababu hakuna mti uliowahi kumharakisha. Aliuzunguka, akaupapasa, akatazama upepo unakoelekea, ndipo akavuta kamba ya msumeno wake wa injini. Wenzake walimtania kwamba anachumbia magogo. Lakini mti wake ulianguka pale alipopasema, na wakataji hawakununua hata skrubu bila kumwuliza yeye kwanza.

Mume wangu anauza vipuri vya misumeno hiyo. Duka lake ni la mlango mmoja, na ukuta mzima umetundikwa panga: vile vyuma virefu bapa ambavyo cheni huzunguka ukingoni mwake. Upanga wa kaka ulipolika, alikuja kwa shemeji yake. Angeenda wapi kwingine?

"Wa mashine yako umeisha," mume wangu alimwambia. "Chukua huu, ni wa mashine nyingine. Utaingia."

"Na tundu la mafuta je?"

"Tundu ni tundu, shemeji. Mafuta yatajitafutia njia."

Nilikuwepo, nikipangusa vumbi. Upanga uliingia kweli, na nati zikakaza. Lakini ule wa zamani tundu lake lilikuwa pana, limetobolewa kimshazari, na mafuta ya pampu yaliteremka moja kwa moja hadi kwenye mfereji wa cheni. Huu ulikuwa na kitundu chembamba kilichokaa chini kidogo ya mdomo wa pampu. Sehemu kubwa ya mdomo ule ilitazamana na chuma kitupu, na upenyo uliobaki ulizibwa na unga wa mbao.

Kibaya zaidi, tangi la mafuta liliendelea kuisha kama kawaida. Mkataji akiona tangi limeisha, anajua cheni imekunywa. Kumbe mafuta yalivuja pembeni, yakachuruzika kwenye mwili wa mashine, na kaka akawa anayapangusa kila jioni akidhani ni uchafu wa kazi tu. Upanga mwingine wowote angeujaribu kabla ya kuutumia. Angeelekeza ncha yake juu ya kisiki cheupe, akapiga resi, na kutazama kama mstari wa mafuta utajichora. Huu hakuujaribu, kwa sababu aliyempa ni mume wa dada yake, na aliona kuupima ni kumvunjia heshima.

Cheni kavu ikachemka, ikalegea, ikakatikia ndani ya gogo. Ilimrukia mkono wa kulia na kumwachia dole gumba na kidole cha mwisho.

Hospitalini mume wangu alilia kuliko mimi. "Bahati mbaya, shemeji," alirudia, huku akimshika bega. Mimi nilikuwa nimeshaufungua upanga ule nyumbani, nikaona kitundu kimezibwa kwa unga mkavu, hakina hata unyevu. Nilitamani kumzaba kibao mbele ya wauguzi.

Mume wangu alipotoka, nilimwambia kaka nilichokiona. Aliitazama bendeji yake.

"Nyamaza, dada," alisema. "Mkono huu nitaula? Atakayenilisha sasa ni yeye."

Sasa anaishi kwetu, na mume wangu amempa kiti dukani. Mtaa mzima unamsifu kwa kuwa na moyo. Moyo gani? Wakataji wanamwamini Taratibu, na tangu akae pale mauzo hayajawahi kuwa mazuri hivi.

Juzi niliwapelekea chakula nikamkuta mteja, baba mtu mzima, anatafuta upanga wa mashine kama ile ya kaka. Mume wangu akateremsha mmoja ukutani. Nikautambua. Ulikuwa ndugu wa ule uliomponza kaka, wenye kitundu chembamba.

"Utaingia huu?" mteja aliuliza.

Mume wangu alimgeukia kaka. Nami nilimkazia kaka macho nikiwa na sufuria mkononi, nikingoja aseme neno moja tu kuhusu tundu lile.

"Utaingia," kaka alisema, na kuuingiza mkono wake mfukoni.

Nilitua sufuria, nikamfuata mteja hadi nje. Nilimwambia tundu la mafuta haliendani na mashine yake. Nilimwambia ajaribu kwanza juu ya kisiki, atazame kama mafuta yanatoka. Alinisikiliza kwa upole, kama anavyosikilizwa mke aliyegombana na mumewe.

"Mama," alisema, "Taratibu mwenyewe ameshasema."

Akaufunga upanga nyuma ya baiskeli, akaenda zake.