Kiganja Juu ya Sanduku la Visu

Nafula hakutaka Mativo afe. Alitaka aaibike mchana kweupe, mbele ya watu wanaomwita boss, na aibu hiyo imtoke mdomoni mwake mwenyewe.

Alizaliwa Mukuru kwa Njenga, binti wa Wanyonyi, aliyebeba marobota kiwandani mpaka mgongo ukakataa. Utotoni alipeleka chai kwa mafundi wa vyuma walio na vibanda kando ya ukuta wa viwanda. Siku moja akajaribu kuchomelea, na kuanzia hapo vikombe akawaachia wengine. Kwa miaka mingi alimfanyia kazi Mativo, mwenye kibanda kikubwa kuliko vyote. Watu walisifu milango ya Mativo, na Mativo alikuwa akiwashukuru.

Kisha ikaja trekta. Mzee Abdurahim wa Donholm alikuwa na trekta ndogo ya kukatia nyasi, kuukuu, ya tangu kabla Nafula hajazaliwa, aliyoinunua wakati klabu fulani ilipouza vyombo vyake chakavu. Kwa trekta hiyo alikata nyasi za uwanja wa mtaa ambako watoto hucheza mpira. Injini ilikuwa nzima. Sanduku la visu, lile linalokaa chini ya tumbo la trekta, ndilo lililoliwa na kutu likabaki kama chujio, na spea yake haikupatikana popote. Ilibidi litengenezwe jipya.

"Likinifaa," mzee alisema, "mashine za viwanja vyote ninavyovijua hadi mtaa wa Fedha zitaletwa kwa fundi aliyelitengeneza."

Mativo aliipokea kazi, akamwachia Nafula, akaenda zake. Nafula alilala chali chini ya trekta na vipande vya maboksi, akavikata mpaka akapata umbo. Akakunja bamba la chuma kwa nyundo juu ya kipande cha reli. Kingo alizichomelea kidogo kidogo, akihama huku na huku joto lisije likalipinda bamba. Kila kisu alikitundika kwenye msumari. Upande ulioinama aliusaga, akakitundika tena, mpaka kikalala sawasawa. Muda wote huo aliona kibanda chake mwenyewe, na jina lake juu ya mlango.

Lilipokamilika, Mativo alichukua kifaa cha kuchomelea akaandika MATIVO juu ya sanduku, herufi nene kama za bango la siasa.

"Kesho usikuje," alimwambia. "Hata kesho kutwa. Mteja hawezi amini hii kitu imetengenezwa na mwanamke."

"Boss, si ni mimi nimeitengeneza?"

"Nani alikuona?"

Katika mji huu mwizi wa kuku hupigwa hadi azimie. Mwizi wa kazi ya mikono huitwa boss.

Nyumbani, Nafula aliketi na spana mapajani akiwaza kulegeza nati moja tu ya kisu. Alijua ni ipi. Lakini watoto wa uwanjani walikuwa na miguu. Na tena sanduku lilikuwa lake, la jasho lake. Hakuwa tayari kuharibu kitu chake ili kumuumiza mwizi. Akaisukuma spana chini ya kitanda. Ndipo alipoikumbuka desturi ya pale vibandani.

Tangu mashine moja ilipopasuka na kumkata mteja mkono, mafundi walikubaliana kwamba aliyetengeneza chochote kinachozunguka ataweka kiganja juu ya kifuniko chake, injini ikivuta kwa nguvu zote, mteja akitazama. Fundi akikataa, mteja hakichukui.

Akamwita Nzomo, fundi wa kibanda cha jirani.

"Mwambie boss namsalimia sana. Na aweke mkono vizuri."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Lakini mwambie nilikuwa nacheka."

Siku ya kukabidhi, Nafula alisimama ng'ambo ya mtaro wa mbele ya kibanda, amevaa gauni la kanisani, akitabasamu. Mzee Abdurahim mwenyewe alikalia trekta. Ikanguruma, visu vikaanza kuvuma.

"Haya, bwana Mativo, mkono."

"Mzee, hapa hakuna haja. Si unaona jina?"

"Jina nimeliona. Sasa nataka kiganja."

"Boss!" Nzomo akapaza sauti. "Unaogopa mtoto wako mwenyewe?"

Watu wakaangua kicheko. Mativo akainama, akanyoosha mkono, akaurudisha. Alimtazama Nafula. Nafula hakufanya lolote, alitabasamu tu. Mkono ukaenda tena, ukasimama juu ya herufi za jina lake, haukushuka.

"Nafula! Zile nati za visu, ulikaza?"

Kicheko kikakatika. Mzee Abdurahim alizima injini, na kila mtu akasikia jibu.

"Nati gani, boss? Mimi nitajuaje nati za kazi yako?"

"Wee msichana, usinichezee! Umefanya nini huko chini?"

"Nani aliniona?"

Mafundi walitazamana. Mzee akageuka kitini. "Mwanangu, ni wewe uliyelitengeneza?"

Nafula aliruka mtaro. "Washa, mzee. Ivute mpaka mwisho."

Aliweka viganja vyote viwili. Chuma kilivuma chini yake kwa utulivu, bila kuruka, bila kutikisika. Hakukiangalia. Alimkazia Mativo macho mpaka Mativo akaangalia viatu vyake.

"Nitakuletea viwanja," mzee alisema baada ya kuzima injini. "Lakini hili jina siendi nalo Donholm."

Nzomo alileta mashine ya kusagia chuma, waya wake mrefu ukiburuta karibu na maji ya mtaro. Nafula aliinama juu ya herufi ya kwanza, kisha akainua kichwa.

"Boss, nishikie waya isiguse maji."

Ndivyo Mativo alivyomwambia yeye miaka yote. Mzee Abdurahim alikuwa akingoja. Safu nzima ya vibanda ilikuwa ikingoja. Mativo akaushika waya. Nafula akaanza kusaga, polepole, na cheche zilipomrukia Mativo viatuni, hakuigeuzia mashine upande mwingine.