Yaya anakula chakula cha mukono wangu tu

Mufiche jina langu, tafadhali, juu Bukavu ni ndogo na huku Kadutu watu wanajuana. Mimi ni musichana wa miaka ishirini na tisa, nashona nguo, sina mume wala mutoto. Niko na yaya mumoja tu, dada yangu mukubwa, ana miaka arobaini na moja. Maman alipofariki, papa akiwa ameshatangulia, yeye njo alinilea. Alifundisha shule ya musingi, akanisomesha mupaka nikamaliza, na wanaume waliokuja kumuposa aliwakataa, akisema mimi ataniachia nani. Mujue hiyo kwanza, ndipo munihukumu.

Tulibaki wawili mu nyumba ya wazazi. Miaka mitatu iliyopita yaya aliacha kazi, akasema walimu wenzake wanamusengenya. Kisha akamugeukia jirani yetu, maman mumoja anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. "Ule mama anatutilia karuho," akaniambia. Nyinyi wa hapa munaijua karuho, ile sumu ya polepole. Mwanzo nilimucheka. "Yaya, si yeye njo alikuwa anatuletea bugali wakati wa kilio ya maman?" Akanikazia macho: "Njo pale alianzia."

Sasa sikieni kosa letu sisi watu wa huku. Kwetu anayekupa kinywaji anaonja kwanza mbele yako, ndipo nawe unakunywa. Ni heshima, hakuna anayeshangaa. Kwa hiyo yaya alipokataa chakula cha watu, wote walisema huyu ana akili, anajilinda. Alipoanza kufungia bidoni za maji kwa kufuli, hata tonton wetu wa Nyantende, ndugu ya papa, alimusifu. Angesema anaona nyoka ukutani, wangemupeleka hospitali siku ile ile. Lakini sumu? Nani hapa atakubishia?

Nami nikaingia polepole, sijui hata siku gani. Tuliacha kusalimia watu, tukaacha misa, tukawa tunakula viazi vya kuchemusha na maganda yake na ndizi tunazomenya wenyewe. "Unasikia ile harufu ya uchungu pa mulango?" yaya alikuwa ananiuliza. Mara ya kwanza sikusikia kitu. Mara ya kumi, haki ya Mungu, niliisikia mupaka kwenye ulimi. Nikaona na unga mweupe pa kizingiti, nikaufagia mwenyewe nikilia. Siku moja nilimutukana yule maman jirani mbele ya watoto wake, nikamuita muuaji. Aliniangalia tu, akasema, "Mutoto wangu, unakonda." Haya ya siku ile haijaniisha.

Halafu nikazimia kwenye cherehani, kazini. Wateja wakanikimbiza hospitali. Walipima, wakakuta damu imepunguka kwa njaa, sumu hakuna. Tonton akanichukua Nyantende nipumzike. Wiki za kwanza niliogopa hata chai ya muke wake. Hakuna aliyenibishia, hakuna pia aliyenikubalia, na ile kitu ikaanza kulegea yenyewe. Mwezi wa pili nilikula sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, nikaomba waniongeze, ndipo nikashituka kwamba nimesahau kuogopa.

Dokta wa magonjwa ya akili, ambaye tonton alinipeleka kwake, alinielezea vizuri. Alisema ugonjwa ni wa yaya. Mimi niliuchukua kwake juu tulijifungia wawili, tunapendana, na yeye njo mukubwa niliyezoea kumuamini kwa kila kitu. Alisema inatokea kwa mama na binti, kwa mutu na muke wake, kwa ndugu kama sisi. Mara nyingi yule wa pili akitenganishwa anapona, lakini wa kwanza anahitaji matibabu. Ningefurahi, kumbe nililia. Nimepona peke yangu. Wakati ule wa hofu tulikuwa wawili, tunashikana mikono, tunaombeana. Leo sina mutu. Wakubwa wa kanisa wananionea huruma, marafiki nilishawafukuza wote, na yaya anaona nimenunuliwa.

Dokta alikubali kunifuata mupaka nyumbani. Yaya hakufungua. Baadaye mimi alinifungulia dirisha. Mashavu yameingia ndani, shingo imebaki mishipa tu. "Walikubadilisha," akaniambia. "Lakini wewe ni damu yangu, hauwezi kuniua. Chakula ya mukono yako tu njo nitakula." Nilipanga chumba karibu. Kila siku saa sita namupitishia bugali na sambaza dirishani, na anakula yote bila kuniambia nionje. Tunaongea kidogo. Ananiuliza kama naombea maman. Halafu anafunga.

Wiki iliyopita tonton alikuja na kichupa cha dawa ya matone ya ugonjwa wa akili, haina rangi wala harufu. "Tia mu muchuzi, hatajua," akasema. "Ama unangoja tumuzike?" Nilimupigia dokta. Akasema nisithubutu kutia kitu bila yeye kumupima, na angetaka yaya akubali mwenyewe. Akaongeza kwamba anajua familia zilizofanya kwa kujificha, na mugonjwa akigundua, anaweza kuacha hata ile chakula moja anayokubali. Nilimuuliza, "Na akiendelea hivi bila dawa?" Akasema, "Itazidi." Tonton hataki kusikia habari ya dokta tena. Anapiga simu kila asubuhi: ulishatia?

Bandugu, ile kitu yaya aliogopa miaka yote ni mutu wa karibu kumutilia kitu mu chakula bila yeye kujua. Jirani hakufanya. Nikitia, mutu huyo nitakuwa mimi, na yaya atakuwa alisema kweli. Nisipotia, namuangalia anaisha dirishani, yule aliyekataa ndoa juu yangu. Wenye mugonjwa wa namna hii nyumbani, munishauri bila matusi. Saa tano imefika, naenda kuwasha makala ya jiko. Leo nipike namna gani?