Picha Mia Nne za Kakao

Kavugho Ornella alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya sekondari ya Butembo, na mpaka anafikisha miaka ishirini na saba hakuwa amegusa kompyuta ila kwa kuchapa mitihani. Aliyemtia katika kazi ya kuandika programu ni Siméon, fundi mwenye kibanda karibu na soko, mtu wa maneno machache. Alikubali kumfundisha kila Jumamosi kwa sharti moja: asinakili kitu asichokielewa.

Alianza na mistari mitatu ya kuiamuru kompyuta iandike jina lake. Zikafuata orodha, kisha namna ya kuiambia mashine irudie jambo mara mia bila kuchoka, kisha "kama hivi, basi fanya vile". Siku moja alihangaika asubuhi nzima akitafuta kosa, kumbe ni nukta mbili alizosahau mwishoni mwa mstari.

Jumamosi ya sita Siméon akamwaga maharage mezani, ya aina mbili, akamwambia aandike sheria za kuyatofautisha. Kavugho akaandika sheria nne, zikawa kumi, na bado kila harage lilikuja na shauri lake.

"Sasa acha sheria," Siméon akasema. "Pima kila harage, andika bipimo na jina yake. Ikikuya ingine mupya, programu itafute tatu zenye kufanana nayo sana. Jina yenye kuwa mingi katika zile tatu, njo jina yake."

Programu ile haikufika mistari ishirini. Kavugho aliweka vipimo vya harage jipya, mashine ikalitaja sawasawa, na hakuna mtu aliyekuwa ameiandikia sheria hata moja. Alirudi nyumbani bila kujua amepita njia gani.

Mjomba wake Abdias alilima kakao Mavivi, pembeni ya Beni. Mwaka ule wa 2022 waasi walikuwa wakiingia mashambani na mapanga, na wakulima walikwenda kwa makundi, kwa muda wa saa mbili au tatu tu, kisha wakarudi mbio. Wakati huohuo ugonjwa wa kuoza ulikuwa ukila matunda mtini. Kavugho akawaza: kama simu ingeweza kumwonyesha mtu haraka matunda ya kukatwa kwanza, asingekaa shambani zaidi ya inavyopasa.

Likizo ilipofika alipiga picha mia nne. Abdias alimtajia tunda moja moja, hili zima, hili gonjwa, naye akaandika. Programu ilichukua rangi za kila picha na kuzigeuza namba. Alipoijaribu haikukosa hata moja, akakimbia kwa Siméon.

"Uliipima na picha gani?"

"Na zile zile."

"Donc ulimupa mwanafunzi mutihani pamoja na majibu."

Kavugho akatenga picha themanini za kuipimia, akaifundisha mashine upya kwa zilizobaki. Ikapata sabini na tatu, na Siméon mwenyewe akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Lakini Kavugho alipolipiga picha uani, juani, tunda zima alilotoka nalo Mavivi, mashine ikasema ni gonjwa. Akalisogeza kivulini. Mashine ikasema ni zima. Alifanya hivyo mara tano, kisha akazirudia picha zake zote. Matunda magonjwa yote alikuwa ameyapiga picha mchana, upande wa jua. Mazima yote aliyapiga asubuhi chini ya migomba. Mashine ilikuwa imejifunza jua, si ugonjwa.

Dawa ilikuwa moja tu: kurudi Mavivi, apige magonjwa kivulini na mazima juani. Wiki ile barabara ilikuwa imefungwa mara mbili.

"Batu banatoka Mavivi na magodoro ku kichwa," mama yake, Anne-Marie, alimwambia, "we unaenda kupiga picha ya matunda."

"Nitarudi mbele ya saa tisa, mama."

Alifika Beni kwa gari, kisha akachukua pikipiki ya Tumaini, kijana aliyezoea njia ile. Shambani Abdias alisimama akitazama msituni wakati Kavugho akipiga picha na kuandika daftarini saa na idadi ya matunda. Tawi likivunjika mahali, wote wawili walikuwa wakiinama. Hata saa saba ilipofika alikuwa amemaliza, na mjomba akamtilia matunda matatu kwenye mkoba.

Wakiwa njiani kurudi Beni, yeye na Tumaini walikuta kizuizi ambacho asubuhi hakikuwapo. Askari alimtaka Kavugho atoe simu yake. Akafungua picha, akapitisha kidole, akapitisha tena. Miti, vijia, miti. Akafungua daftari, akasoma kwa sauti: "Upande wa muto, saa ine, bagonjwa kumi na ine, bazima makumi mbili na mbili." Akawaita wenzake.

Wakapelekwa kwa kapiteni, aliyekuwa ameketi chini ya turubai. Alisoma daftari lote bila haraka.

"Bagonjwa ni banani? Basoda betu, baaskari ya ku position ya muto?"

"Ni kakao, mon capitaine."

"Kakao inaandikiwa saa?"

Tumaini alikuwa ameketishwa chini, mikono kichwani, bila viatu. Kavugho akajua kwamba neno moja baya litamwangukia na yule kijana. Akaanza kueleza kama anavyoeleza darasani, polepole: jua na kivuli, kwa nini saa ni muhimu, jinsi mashine inavyofananisha kitu kipya na vile ilivyokwisha kuonyeshwa.

"Onyesha," kapiteni akasema.

Akatoa mkobani kompyuta ndogo aliyokuja nayo. Betri ilikuwa imebaki sehemu ya kumi. Kapiteni akachagua tunda moja mkobani na kumpa Kavugho simu yake, naye akalipiga picha, akaunganisha waya, akaendesha programu. Kosa. Askari mmoja akasogea nyuma yake. Kavugho akausoma mstari mwekundu wa kosa mpaka mwisho, kama Siméon alivyomzoeza. Alikuwa amekosea herufi moja ya jina la picha. Akarekebisha. Mashine ikaandika: zima.

Kapiteni akalipasua tunda kwa kisu. Ndani lilikuwa jeusi.

"Mashine yako ni mubongo, inadanganya."

"Hapana, mon capitaine. Inajua tu kile nilisha kuionyesha. Tunda yenye kuwa muzuri inje na yenye kuoza ndani, sikuionyeshaka hata moja. Kosa ni yangu."

Kapiteni alifuta kisu kwa jani. Kisha akatoa simu yake mwenyewe na kumfungulia picha za vijana waliopangwa ukutani, nyuso zimevimba.

"Hawa tulibakamata. Niko na zaidi ya mia. Uifundishe hii, ikuwe inaniambia ku barrière nani ni muasi. Fanya ile, unaenda kwenu leo."

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Kavugho alimtazama Tumaini, kisha tunda lililopasuliwa.

"Nani alisema ni baasi?" akauliza, sauti ikiwa ndogo.

"Sisi."

"Basi itafwata tu maneno yenu, hata pale mulikosea. Kama bengi balitoka mugini moja, kijiji moja, itasema mugini muzima ni baasi. Imeshindwa kakao, mon capitaine. Kakao ni tunda tu. Siwezi kuipa batu."

Nzi walitua kwenye tunda jeusi. Kapiteni alilitazama tunda lile, kisha akachukua simu ya Kavugho, akatoa kadi ya picha, akaivunja vipande viwili, akamrudishia simu.

"Kwenda. Usirudie hii njia na daftari."

Tumaini hakusubiri hata kuvaa viatu. Walipofika mjini alizima pikipiki, akakaa pembeni ya barabara, akalia. Kavugho akakaa karibu naye.

Picha za siku ile zilipotea, na shamba halikufikika tena. Mwezi uliofuata kijiji kizima kilihama, na Abdias akaja Butembo na mke wake, wakalala sebuleni kwa Anne-Marie. Alikuwa mtu wa kuketi tu, mikono magotini. Kavugho akamwomba amsaidie na zile picha mia nne za kwanza, zilizokuwa bado kwenye kompyuta. Wakazipitia moja moja upya. Mara kwa mara mzee aliuzuia mkono wa Kavugho.

"Hii, mi mwenyewe sijui, mpaka niipasule."

"Lakini ile siku uliniambia ni nzima."

"Uliniuliza mbili tu, nzima ao gonjwa."

Kavugho aliacha kuchapa. Jumamosi ile alikwenda kwa Siméon na programu iliyoongezwa mistari minne: picha tatu zinazofanana sana na tunda zisipoelewana zote, mashine iandike "sijui, lipasue". Sasa ilijibu matunda machache kuliko zamani. Siméon aliisoma mpaka mwisho, hakusahihisha kitu, akamuuliza kama mjomba amepata kazi.

"Bado," Kavugho akasema. "Lakini leo asubuhi aliniomba nimufundishe kuandika jina yake ku mashine."