Pengwini na Kopo Lililoleta Baridi

Wilfrido Charris alipachikwa jina la Pengwini siku ileile aliyoanza kazi kwenye jengo letu, na hakulalamika. Angelalamikia nini? Mfupi, tumbo mbele, nyayo zinatazama nje, halafu kazi yenyewe ni ya kiyoyozi. Hapa Barranquilla, pwani ya Kolombia, ukiwa na kilema tunakuita kwa kilema chako, na usipokuwa nacho tunakutafutia. Mimi nakaa mlangoni kama bawabu, na wananiita Sikio. Sababu yake tuiache.

Jengo la Almendra si kubwa. Lina ghorofa chache za mawakili, madaktari wa meno na watu wanaojiita mawakala ambao hakuna ajuaye ni mawakala wa nini. Juu kabisa darini ndiko iliko mashine kuukuu inayopoza ofisi zote. Pengwini aliipa jina la mama mkwe wake marehemu, Niña Petrona, yaani Bi Petrona.

"Wanafanana," alikuwa akisema. "Wote wananguruma asubuhi mpaka jioni, wote wakikasirika wanamwaga maji, na sijawahi kupata ujasiri wa kumzima yeyote."

Lakini akiwa naye peke yake huko darini alimsemesha kwa upole kuliko alivyowahi kumsemesha mama mkwe mwenyewe. "Haya mama, amka. Taratibu. Usije ukaniaibisha mbele za watu." Mimi nimemsikia.

Sasa lazima ujue jambo moja kuhusu sisi. Nje jua linakukaanga mpaka kivuli chako kinatafuta kivuli. Basi ndani, baridi ni heshima. Mgeni akiingia ofisini kwako asipojikumbatia mikono, umekwisha, kesho mji mzima utasema biashara yako inayumba. Ndiyo maana kila katibu wa jengo letu ana sweta nyuma ya kiti. Mtu anatoka nyumbani analoa jasho, anafika kazini anavaa sufu kama anakwenda kuchunga kondoo milimani.

Bingwa wa baridi alikuwa Dokta Abuchaibe wa ghorofa ya nne. Huyu hajawahi kutibu hata kuku. Ni wakili, ila kwetu ukivaa tai tu wewe ni dokta. Alikuwa na skafu nene aliyoinunua Bogotá, huko milimani kwenye baridi ya kweli, na aliizungusha shingoni mara tu akishuka kwenye lifti, kama askari anavyovaa kofia. Na baridi ikimzidi, unadhani aliomba ipunguzwe? Thubutu! Alifungua dirisha ili joto la nje liingie kidogo.

Pengwini akiliona lile dirisha kutoka mtaani alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Dokta!" alipiga kelele kutoka chini. "Unapoza barabara!"

Abuchaibe alitoa kichwa na skafu yake. "Barabara nayo ina watu, Pengwini! Usiwe na roho mbaya!"

Tuliishi hivyo miaka mingi, tukipoza barabara, mpaka Doña Nidia Segebre, mwenye jengo, alipokuja baada ya mwaka mpya. Doña Nidia ni mjane mwembamba anayetembea kama anakwenda kumgombeza mtu, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Alisimama mbele ya meza yangu, akamwita Pengwini kwa jina lake la ubatizo. Pale pale nilijua kuna msiba.

"Wilfrido. Jengo hili linakula umeme kama kiwanda cha barafu, na hiyo barafu sijaiona. Nakupa mpaka Ijumaa ya kabla ya karnivali. Bili isiposhuka, Petrona nang'oa, nauza vyuma chakavu. Kila mpangaji atajinunulia kidude chake cha dirishani, na wewe utakwenda nyumbani kupumzika."

"Kupumzika na nani, Doña? Mke wangu ananipenda kwa sababu nashinda huku."

Doña Nidia hakucheka. Yeye hucheka kwa msimu.

Mchana ule tulikula pamoja nyuma ya ngazi, mchuzi wa mbaazi na nyama ya chumvi, na Pengwini alikuwa anauzungusha kwa kijiko tu. Huyo ni mtu ambaye sahani yake haijawahi kuhitaji kuoshwa.

"Kula basi," nikamwambia. "Mbaazi hazina kosa."

"Sikio, mimi najua mashine moja tu dunia nzima. Hizi za sasa zinaendeshwa na simu. Petrona akiondoka, mimi nani atanichukua? Kwenye bustani ya wanyama?"

Nilitaka kucheka, nikaona macho yake, nikanywa maji.

Basi akaanza kazi. Alishusha filta zote akaziosha, zikatoa vumbi ambalo ungeweza kupandia mihogo. Alikata matairi ya baiskeli akaziba mianya ya milango. Akaacha kumwamsha Petrona alfajiri kupoza viti vitupu. Na saa za mchana, watu wakienda makwao kula na kujinyoosha kidogo, Petrona naye akapumzishwa. Mita ilipunguza mwendo. Lakini bado ilikuwa inakimbia, kwa sababu kidude cha ukutani cha kupangia baridi kilisoma nyuzi kumi na saba, na nyuzi kumi na saba katika mji huu ni kiburi.

Jumatatu moja akapandisha mpaka ishirini na nne, kimya kimya, na vidude vyote akavifunika kwa vibao vilivyoandikwa "Matengenezo".

Hata kahawa sijamaliza, simu ya mlangoni ikalia. Alikuwa Yadira, katibu wa Abuchaibe.

"Sikio, mlete Pengwini haraka. Dokta amevua skafu."

"Ni mgonjwa?"

"Amevua skafu, nakwambia! Mbele ya wateja!"

Tukapanda wote wawili. Pengwini alibeba kipimajoto chake, na kweli kilisoma vizuri tu, hewa tamu, mtu angeweza kulala. Lakini Abuchaibe alikuwa amelala kitini anajipepea na faili kama bibi harusi aliyezirai.

"Pengwini, umemuua Petrona."

"Petrona mzima, dokta. Weka mkono hapa kwenye tundu, hewa inatoka."

"Mbona simsikii?"

Na kweli, hakusikika. Petrona akiwa kwenye kumi na saba ananguruma mpaka vikombe vinatembea mezani. Kwenye ishirini na nne anavuma kidogo tu, kama mtu aliyeshiba. Na sisi hapa, kitu kisichopiga kelele tunakihesabu kimekufa. Muziki wetu tunauweka barabarani kwa maspika marefu kuliko nyumba. Basi likipita kimya tunaliombea. Kiyoyozi kisichonguruma kinapozaje?

Pengwini, kwa hasira, akaligonga tundu la hewa kwa spana. "Hiki hapa kinafanya kazi!" Bati likatetemeka: trrrra-tra-tra-tra. Na Yadira, bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta, akanyoosha mkono nyuma akachukua sweta.

Pengwini akamtazama Yadira. Akanitazama mimi. Akagonga tena. Yadira akafunga vifungo.

Tulivyoshuka kwenye lifti masharubu yake yalikuwa yanacheza.

Jioni hiyo aliomba kila mtu aliyemjua amletee mfuniko wa kopo la maziwa ya unga. Akachukua vifeni vidogo kutoka kwenye kompyuta zilizokufa, akavifunga ndani ya matundu ya hewa, na mbele ya kila kifeni akaning'iniza mfuniko kwa waya, uwe unagonga bati. Vyote vilipata umeme wa soketi, kidogo kuliko taa. Mdomoni mwa kila tundu akafunga utepe wa rangi wa karnivali, ili macho nayo yapate riziki.

Asubuhi yake jengo zima lilikuwa trrrra-tra-tra, na tepe zinaruka kama bendera.

"Ahaa!" Abuchaibe alisema akishuka kwenye lifti, akaivuta skafu mpaka masikioni. "Sasa hii ndiyo baridi ya watu! Pengwini, nisamehe, jana niliongea vibaya."

"Usijali, dokta. Nimeongeza kidogo tu."

Daktari wa meno wa ghorofa ya tatu, Ibeth Yepes, mama mmoja mnene mwenye mikono baridi siku zote, alimsimamisha kwenye ngazi. "Wilfrido, wagonjwa wangu wanatetemeka mpaka meno yanagongana. Napata shida kuyang'oa. Lakini usipunguze, wanapenda."

Petrona wakati wote huo alikuwa darini anavuma nyuzi ishirini na nne, ameshiba, hana habari.

Ijumaa ya mwisho ikafika. Wapangaji waliitwa mkutanoni ofisini kwa Abuchaibe, na Doña Nidia angetangaza uamuzi wake. Asubuhi ile, katika asubuhi zote za mwaka, Pengwini akanipigia simu kutoka darini.

"Sikio, mkanda umekatika. Petrona amezimika. Wewe mcheleweshe Doña huko chini, mimi nautafuta mwingine."

"Nimcheleweshe vipi?"

"Una mdomo, utumie!"

Doña Nidia aliingia. Nikamsifia viatu. Nikamuuliza hali ya dada yake. Nikaanza kumweleza ndoto niliyoota.

"Sikio," akasema, "pisha."

Nikapanda naye, nikisali kimoyomoyo. Kule juu wapangaji wamejaa, madirisha yamefungwa, jua limeegemea vioo kama mgeni asiye na adabu. Mashine imekufa tangu asubuhi. Lakini vifeni vilikuwa na umeme wake, mifuniko inapiga trrrra-tra-tra, tepe zinaruka, na watu wote, Mungu ni shahidi yangu, wamevaa sweta.

"Kabla hatujaanza," Abuchaibe akasimama, skafu imemzunguka mara mbili, "naomba iandikwe kwamba baridi ya leo imepita kiasi." Jasho likamdondoka kidevuni, likalowesha karatasi zake.

"Dokta, unatoka jasho," Yadira akanong'ona.

"Ni jasho la baridi, Yadira. Homa hii. Nadhani ni dengue."

"Hata mimi!" akasema Ibeth, uso umeiva kama nyanya. "Tangu nimeingia mwili unachemka kwa ndani, na huku nje natetemeka. Njoo, dokta, nikuangalie. Fungua mdomo."

Kwa kuwa hicho ndicho anachojua kuangalia, Abuchaibe akafungua mdomo. Watu wawili wengine wakaanza kujishika paji la uso. Mmoja akasema mbu wa mwaka huu ni wabaya. Doña Nidia alikuwa ameketi wima na upepeo wake, anawatazama mmoja mmoja.

Hapo mlango ukafunguliwa na Pengwini akaingia, grisi mpaka viwikoni, mkanda uliokatika umemning'inia shingoni kama nyoka. Maskini, alikuja kukiri. Alijua amekwisha.

"Doña Nidia, wapangaji, samahani sana. Petrona amezimika tangu asubuhi. Najua mnaungua na joto. Kosa si lake, ni la mkanda, na..."

Trrrra-tra-tra. Watu wote wakainua macho kwenye tundu la hewa.

Doña Nidia akavua viatu vile nilivyovisifia, akapanda juu ya kiti, akaingiza mkono, akachomoa kifeni na mfuniko wake. Ofisi ikanyamaza. Na pale pale, kwa pamoja, watu wakaanza kufa na joto.

"Maji!" Abuchaibe akairarua skafu. "Fungueni madirisha! Tunachemshwa!" Sweta zikaruka kila upande. Ibeth akakaa sakafuni.

Doña Nidia hakushuka kitini. Akakitazama kile kidude mkononi mwake, kisha akakirudisha mahali pake, polepole.

Trrrra-tra-tra.

Na Yadira, Mungu amsamehe, akaokota sweta yake chini akaingiza mkono mmoja.

Hapo ndipo msimu wa Doña Nidia ulipofika. Alicheka mpaka tukamshika miguu asianguke. Alipopata pumzi akajifuta macho. "Wilfrido, bili imeshuka karibu nusu. Nilidhani mita imeibiwa."

"Huu ni ulaghai!" Abuchaibe akafoka, shati limemganda. "Nitashtaki!"

"Utamshtaki nani, dokta? Mfuniko?" Doña Nidia akamwuliza. "Utamwambia hakimu ulitetemeka kwa baridi na mashine imezimika? Na kwamba ulipimwa dengue na daktari wa meno?"

Abuchaibe akafikiri. Kwa haki yake, ni wakili mzuri, anajua kesi iliyokufa akiiona. Akatazama tundu, akawatazama wapangaji wenzake, akashusha sauti.

"Basi, Petrona abaki. Na Pengwini abaki. Lakini nina sharti. Kopo langu liwe kubwa kuliko la ghorofa ya tatu."

"Litakuwa la kilo mbili, dokta," Pengwini akasema, na sauti yake ilitoka vibaya, kama mtu aliyemeza mbaazi bila kutafuna. Kisha akakimbilia darini na mkanda wake, nyayo zinatazama nje.

Huyo ndiye Pengwini wetu, na yuko pale mpaka leo. Petrona naye alipata mkanda mpya, na ananong'ona tu siku hizi, kazeeka vizuri. Kila wiki simu ya mlangoni inalia: "Sikio, mwambie Pengwini aje, kopo limelegea, nakufa na joto," naye anapanda na bisibisi yake bila kinyongo. Na lile dirisha la ghorofa ya nne tuliloligombania miaka yote, Abuchaibe amelifunga mwenyewe. Anasema kelele za barabarani zinamzuia kusikia baridi yake.