Blanketi la Bei ya Hasara

Mimi kitu cha bei rahisi sikichukui hivi hivi. Nakikagua kwanza kama askari wa barabarani anavyokagua lori la mkaa. Hapa mjini Singida kuna duka moja, si mbali na stendi, lina spika mlangoni inayopiga kelele kutwa nzima: "Bei ya hasara! Tunamaliza mzigo! Leo ndiyo mwisho!" Hiyo leo ndiyo mwisho nimeisikia alizeti ikipandwa, nikaisikia ikivunwa, na mwisho wenyewe haujafika. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa cha yule bwana hakijitembezi tu, kimenunuliwa hadi spika. Simwamini hata kidogo, na kila wiki nipo dukani kwake.

Kwenye kona ya nyuma ndipo anapotupa rundo la vitu vilivyokatwa bei kwa kalamu nyekundu. Sufuria zisizo na mifuniko, viatu ambavyo kimoja kimepauka kwa kukaa juani dirishani, sabuni zenye tarehe iliyofutikafutika. Eti imefutika yenyewe safarini. Thubutu! Siku moja nilimkuta na chupa za chai, nzuri, zina maua, bei ya kutupa. Kesho yake nikarudi na maji ya moto kwenye kidumu changu, nikamimina kwenye chupa yake moja, nikaketi kwenye kiti cha wateja nikangoja. Nilipoonja yalikuwa yamepoa kama ya mtungini.

"Mama, wewe utanifilisi," akaniambia.

"Kwani si ulisema unafunga duka?" nikamjibu.

Tabia hii nimeirithi. Mama yangu alikuwa mtu wa Iguguno, na mnadani hakuna aliyewahi kumuuzia mbuzi kwenye gunia. Alinifundisha kunusa nguo, kuvuta uzi, kuinua kitambaa juani nione kama mwanga unapita. Juu ya yote alinifundisha kufunga mdomo. Usimwambie muuzaji kitu ni cha nini. Ukisema una mgonjwa, kuku anapanda bei. Ukisema una harusi, basi mbuzi atauzwa kama ng'ombe. Sema ni cha kwako mwenyewe, tena sema kwa kununa. Nimelishika neno hilo maisha yangu yote, na kwa hilo moja nilikaribia kumkosesha mwanangu mke.

Mwanangu huyo ndiye kitinda mimba. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, nikamlea mwenyewe, na aliponiambia amepata mchumba huko Sepuka nililia kwa furaha, kisha nikaanza kushuku. Binti ni mzuri, ana adabu, amesoma, sasa kwa nini hajaolewa mpaka leo? Nikauliza huku na huku. Sikupata kitu, nikazidi kushuku. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye aliyekuwa msemaji wetu kwenye mambo ya mahari. Akanigombeza: "Shemeji, wewe hata malaika akija utamwomba kitambulisho." Na kweli ningemwomba.

Mambo ya ng'ombe waliyamaliza wanaume. Likabaki blanketi la bibi. Mchumba alilelewa na bibi yake, mzaa baba, mwanamke mzee sana, na kwenye ukoo wao blanketi hilo si zawadi ya kupokelewa na kuwekwa ndani. Bibi analifunua mbele ya watu wote, analikagua, akiridhika anajifunika palepale, na akishajifunika ndipo mjukuu anaitwa atoke. Asipojifunika, hakuna mjukuu wa kuitwa. Mwanangu alinieleza hayo mara nyingi mpaka akanichosha. "Mama, tafadhali, la bibi liwe zuri."

"Unanifundisha mimi kununua?" nikamuuliza.

Nikaenda kwa yule bwana wa spika. Na siku hiyo, haki ya Mungu, nilihisi mkono wa mama yangu begani. Kwenye rundo kulikuwa na blanketi zito, nene, la kukinga upepo wetu wa kipupwe, lina uso mzima wa simba, manyoya yake ya rangi ya dhahabu. Bei imekatwa, ikakatwa tena. Nikalinusa: halinuki ukungu wala dawa. Nikavuta uzi: haukutoka. Nikalitoa nje nikaliinua juani: mwanga haukupita hata tone. Nikatafuta tundu la moto, kiraka, alama ya panya. Hakuna. Hapo ndipo nikaogopa, maana kitu kisicho na kasoro hakikai kwenye rundo.

"Hili lina nini?" nikamuuliza.

"Halina kitu, mama. Halitembei tu. Huku kwenu halitembei."

"Kwa nini?"

"Watu na mambo yao." Akanitazama. "Unampelekea nani?"

Ahaa! Nikasema moyoni, huyo, ameanza. "Najifunika mwenyewe," nikajibu, tena kwa kununa.

"Kama ni la kwako mwenyewe, sawa. Lingekuwa la kupeleka kwa wazee ningekupa lile la maua." Akanyoosha kidole. La maua lilikuwa juu ya rafu, kwenye nailoni yake, bei kamili, halijaguswa na kalamu nyekundu.

Nilicheka mpaka wateja wakageuka. Yaani mtu mzima na ndevu zake anadhani nitaruka kutoka kwenye rundo hadi kwenye rafu kwa sababu ametaja wazee! Nikalipa, nikamkumbatia simba wangu, nikaondoka haraka kabla hajabadili mawazo. Njia nzima nilikuwa najisifu.

Siku ya kwenda Sepuka tulikuwa wachache: mimi, shemeji, wifi yangu mmoja, na mwanangu amevaa koti linalombana. Tulipokelewa vizuri mno, na mimi nikipokelewa vizuri mno huwa naangalia mlango uko wapi. Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba uani, mdogo, amekunjamana, macho makali. Nikapiga goti. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu," akasema, akaushika mkono wangu kwa muda mrefu kuliko kawaida, ananipima.

Wakati wa blanketi ulipofika, wifi yangu akalitoa kwenye mfuko likiwa limekunjwa, upande wa simba ukiwa ndani. Bibi akalipokea. Kwanza akalinusa. Kisha akashika pindo, akavuta uzi kwa kucha. Nikamwangalia kwa mshangao, maana nilikuwa namwona mama yangu mnadani. Akaashiria liinuliwe juani, vijukuu wawili wakashika pembe, wakalikunjua.

Simba akatokea.

Bibi akarudisha mikono yake kifuani. Wazee wa upande wao wakaanza kusema Kinyaturu, haraka na chini chini, na mimi ni Mnyiramba, ninachokidaka ni neno hapa neno pale, lakini simba nilimsikia, akatajwa tena na tena. Mzee mmoja akasimama, akageukia kwetu kwa Kiswahili: "Mmekuja kuoa, au mmekuja kututisha?"

Shemeji akajitahidi. Akasema simba ni mfalme wa porini, tumeleta alama ya heshima. "Hapa simba hana heshima," mzee akamkata.

Ndipo bibi akasema mwenyewe, bila kuinua sauti. Alipokuwa mtoto, huku Unyaturu watu walikuwa wakiuawa, na ilisemwa ni simba, na ikasemwa pia kwamba simba hao si wa porini, bali wametumwa na watu kwa watu. Kaka yake, yule aliyekuwa akimbeba mgongoni, alitoka kuchunga na hakurudi. Ng'ombe walirudi wenyewe. "Tangu siku hiyo," akasema, "simba hajaingia nyumbani kwangu, hata wa picha kwenye kiberiti. Nani alilichagua hili?"

Mambo hayo nilikuwa nimeyasikia utotoni, lakini kama hadithi ya kututisha tusitoke nje. Sikuwahi kufikiri yupo mtu aliye hai ambaye kaka yake alitoka na hakurudi. "Ni mimi, bibi," nikasema.

"Kwa nini simba?"

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti, na nikajua nikikosea neno moja ameshamkosa mchumba. Tena nilijua wanachokifikiri wale wazee, maana ningekuwa mimi ningefikiri hivyohivyo, tena kabla yao: hawa wametumwa. Uongo mzuri haukuwepo. Ulikuwepo ukweli, nao ulikuwa wa aibu, mbele ya wakwe, mbele ya wifi yangu ambaye angeusambaza Singida nzima kabla jua halijatua.

"Lilikuwa kwenye rundo, bibi," nikasema. "La bei ya hasara. Lilikuwa rahisi kuliko yote. Muuzaji aliniambia kama ni la wazee nichukue la maua, nikadhani anataka kuniibia. Nikamdanganya ni la kwangu."

Wifi yangu akaguna. Shemeji akajishika paji la uso. Bibi yeye alikuwa ananitazama tu.

"Ulilinusa?" akaniuliza.

"Nililinusa."

"Ukavuta uzi?"

"Nikavuta."

"Juani?"

"Nililitoa nje nikaliinua, bibi. Hata tone la mwanga halikupita."

"Na simba hukumwona!"

Bibi akaanza kama anakohoa, nikadhani mzee wa watu namuua, kumbe anacheka. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la khanga, na wazee mmoja mmoja wakamfuata, hata yule aliyetukaripia. Mimi sikucheka. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Nilidhani mmetumwa," bibi akasema alipopata pumzi. "Kumbe ni ubahili. Ubahili ni ugonjwa, lakini hauui." Kisha uso wake ukarudi mahali pake. "Mimi hilo sijifuniki. Mchukueni simba wenu, mrudi na lingine. Na safari hii, mwanangu, mwambie muuzaji ni la nani."

Tulirudi mjini bila mchumba. Mwanangu hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma. Alikaa pembeni yangu amelipakata lile blanketi kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwingine.

Kesho yake spika ilinipokea kwa leo ndiyo mwisho. Nikapita rundo bila kulitazama, nikasimama mbele ya yule bwana, nikasema kwa sauti ambayo mama yangu aliisikia kaburini: "Nataka blanketi la bibi wa mchumba wa mwanangu. La mahari. Sepuka."

Akaduwaa. "Sasa mama, si ungesema siku ile? Mimi mwenyewe mbona nilirudishiwa mablanketi ya simba matatu, ndipo nikakata bei?" Akapanda kwenye stuli, akaliteremsha la maua. Blanketi la simba hakulipokea, mali ya punguzo hairudishwi, wameandika hapo ukutani. Akanitajia bei. Mh! Mpaka leo nashuku aliongeza kidogo aliposikia mahari. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka kumjibu. Nikamkumbuka mwanangu na lile koti, nikalipa.

Tuliporudi Sepuka, bibi alilikagua lile la pili kama la kwanza, hatua kwa hatua, na safari hii akaligeuza pande zote mbili, taratibu, huku akinitupia jicho. "Hili nalo lilikuwa kwenye rundo?" akauliza.

"Hapana, bibi. Lilikuwa kwenye rafu. Nimelilipia bei yote, na sikulivuta hata uzi."

"Hukulivuta?" Akashangaa kweli. "Basi limekuuma."

"Limeniuma sana, bibi."

Watu wakacheka. Yeye akalichukua, akalizungusha mabegani, akalivuta juu mpaka likamfunika kichwa, asionekane tena ila vidole vya miguu. Tukangoja. Upepo ulikuwa unapuliza vumbi uani na hakuna aliyekohoa. Mwanangu alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, kama alipokuwa mdogo.

Sauti ikatoka ndani ya blanketi. "Lina joto," bibi akasema. "Mwiteni mjukuu wangu."